Dawa ya Kulea

"Mama, kuku wako wanakunywa nini hata kideri kinawapita mlangoni?"

Mukabera alimwuliza hivyo jirani yake Kokubanza, mwaka ule ugonjwa wa kideri ulipofagia kuku wa kijiji cha Ihembe. Kokubanza alikuwa mjane, mtu wa rozari na wa kufunga kinywa. Alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa, na kuku kumi na mmoja. Kuku hao ndio walioleta chumvi, sabuni na sare za wajukuu.

Alimpeleka Mukabera nyuma ya jiko. Hapo palikuwa na miche miwili yenye majani membamba kama vidole.

"Omubazi gw'enkoko," alisema. Yaani dawa ya kuku. Unaponda majani, unayatia katika maji yao. Akamfungia Mukabera mbegu chache katika jani kavu la mgomba.

Mmea ule ulikuwa bangi. Kokubanza alijua, na nusu ya kitongoji ilijua. Lakini hakuna aliyeuita hivyo. Bangi ilikuwa ile wanayovuta wahuni. Ile ya nyuma ya jiko ilikuwa omubazi.

Mwaka 1996 mwenyekiti wa kitongoji, Rugemalira, aliita watu katika darasa la shule. Alisoma barua ndefu. Kulikuwa na sheria mpya ya dawa za kulevya, na adhabu zake zilikuwa kali. Alipomaliza alivua miwani, akauliza ni nani hapo mwenye dawa hizo.

Watu walitazama miguu yao. Mukabera akanyoosha mkono.

"Mimi ninayo, mwenyekiti. Ile ya kulea kuku."

Watu walicheka. Mukabera alizaliwa Ihembe kwa wazazi waliotoka Rwanda. Kiswahili alikiokota kwenye vibarua, akipalilia mashamba ya watu. Aliposikia "kulevya" yeye alisikia "kulea". Alidhani serikali inaandikisha dawa za mifugo. Kabla hajazuiwa alikimbia nyumbani, akarudi na tawi bichi, akaliweka juu ya meza ya mwenyekiti kwa adabu, kwa mikono miwili.

Kicheko kikakatika.

Rugemalira alimwuliza mbegu alipewa na nani. Mukabera alitazama nyuso za watu, akaelewa. Hakutaja mtu. Kokubanza alikuwa kwenye dawati la tatu. Alifungua mdomo, akaufunga. Mtu mmoja nyuma alisema mambo hayo yameletwa na wakimbizi. Mwenyekiti akaamua kwamba baada ya wiki moja, mkutano ukirudi, Mukabera atapelekwa polisi. Mukabera alikuwa na watoto wanne, na wa mwisho alikuwa bado mgongoni.

Wiki hiyo sala za Kokubanza hazikwenda. Akifika "utusamehe makosa yetu" alikwama, kama ndoo iliyonasa kisimani. Siku ya tatu alimwona bwana mifugo, Methodius, akipita na baiskeli. Akamwita, akampa kiti na ndizi, akamweleza yote bila kuficha.

Methodius alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo Kokubanza hakulitarajia.

"Mama, ukinunua kuku mgeni mnadani, unamfanyaje?"

Kokubanza alisema humfunika chini ya tenga wiki mbili, mbali na wenzake. Ndivyo mama yake alivyofanya. Akimwona mzima, humwachia.

"Basi ni tenga," alisema Methodius. "Si majani. Kideri hakina tiba, mama. Kuku wako hawaugui kwa sababu ugonjwa unauzuia usiingie. Majani yanawalewesha tu. Kuku aliyelewa anatulia, nawe unadhani amepona."

Kokubanza alikasirika. Miaka kumi na minane ameponda majani, kumbe kazi yote ilifanywa na tenga.

Methodius alisema kinga ipo. Ni chanjo. Huja katika chupa ya chai yenye barafu ndani, kwa maana joto huiua. Hutiwa katika maji safi asubuhi, kabla kuku hawajanywa kitu. Kuku wazima tu ndio huchanjwa, na kila baada ya miezi mitatu hurudiwa. Lakini kaya moja haitoshi. Chupa moja ya chanjo ni ya kuku wengi, na kuku wa jirani asiyechanjwa ataugua na kueneza.

"Na sheria je?" aliuliza Kokubanza. "Bibi kizee mwenye miche miwili ni sawa na tajiri wa magunia?"

"Hapo watu wanabishana, hata huko juu. Wapo wanaosema mwenye mche mmoja aonywe tu, nguvu ziende kwa wanaouza. Wapo wanaosema ukilegeza kidogo, vijana wataangamia. Una maoni, mpelekee diwani na mbunge, ndiyo njia yake. Lakini leo sheria ni hii. Kuupanda ni kosa. Haikuulizi kama anayelewa ni mtu au ni kuku."

Mkutano ulirudi. Kokubanza alikaa akisikiliza, na uvumilivu ukimwisha kama mafuta katika taa. Mmoja alisema wenye kosa ni wachungaji wa ng'ombe kule mbugani. Hategekimana, mmoja wa wachungaji hao, akajibu kwamba mbugani hata mhogo hauoti, bangi itaota wapi. Mwingine alisema sheria imezidi ukali, mwingine kwamba haijafika popote. Maneno yalizunguka kama mbuzi kwenye kigingi. Na Mukabera alikaa mbele na mtoto mgongoni, akingoja, kana kwamba kikao kile hakikuwa juu yake.

Waliokuwa wakipiga kelele sana, Kokubanza aliwajua kwa mbegu. Kila mmoja alikuwa amekuja nyuma ya jiko lake.

Akasimama.

"Mbegu nilimpa mimi," alisema. "Wiki iliyopita nilinyamaza, na Mungu ameniona. Mkimpeleka yeye, nami nipelekeni. Wapo wengine niliowapa. Sitawataja. Wanajijua, na mimi nawajua."



Kisha Kokubanza akaeleza habari ya tenga na ya chanjo, kama alivyoelezwa. Akaomba kila mmoja ang'oe miche yake, na uongozi upeleke habari polisi bila kuficha kitu. Mtendaji wa kijiji, ambaye siku hiyo alikuwepo, alikubali. Alisema miche iletwe ofisini kabla ya Jumamosi.

Jumamosi asubuhi mlango wa ofisi haukufunguka mara moja. Ulizibwa na lundo la bangi lililofika kiunoni. Nani aliileta, hakuna aliyemwona. Askari alikuja, akatazama lundo, akatazama watu, akatikisa kichwa. Miche ilichomwa mbele yake, na Hategekimana akawaonya wazee wasisimame upande wa moshi wasije wakaimba. Askari aliandika majina ya Kokubanza na Mukabera, akawapa onyo kali. Alisema mara ya pili hakutakuwa na onyo.

Juma lililofuata Methodius alikuja na chupa yake ya barafu. Wanawake walifungia kuku ndani mpaka jua lilipotoka, kisha wakawawekea maji ya chanjo. Kila nyumba ilitafuta tenga la kuku mgeni. Kiangazi kikaja, na kideri kikapiga vijiji vya jirani. Katika kitongoji chao walikufa kuku watatu tu, wa mtu aliyechelewa. Mukabera, ambaye hakuwahi kufuga zaidi ya kuku wanne, sasa alikuwa na tisa, na aliuza mayai.

Mwisho wa mwaka Rugemalira aliita tena mkutano. Alisimama mbele na karatasi. Alisema kitongoji chake ni safi, na yeye tangu mwanzo alipigania sheria. Alisema raia wengine, hasa wenye asili ya nje, ndio wanaohitaji kuangaliwa. Alisema mengi. Kokubanza alitazama dari, akahesabu punje za rozari ili asiseme neno.

Ndipo Mukabera akanyoosha mkono, kama siku ile ya kwanza.

"Shikamoo, mwenyekiti. Nina swali dogo. Jana nilikuwa kibaruani kwako, nikapalilia kahawa mpaka kule bondeni, nyuma ya zizi." Alisita kidogo, akitafuta neno. "Ile dawa yako ya kulea, mwenyekiti, utaing'oa lini?"

Hakuna aliyecheka. Kokubanza alishusha macho kutoka darini.

Rugemalira alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni. Akavaa kofia. Akapita katikati ya madawati, akatoka, akashika njia ya bondeni.