Bakshishi ya Dirishani

Kila siku alipotoka shule, Severina alibadili gauni lake nyumbani kwa shangazi yake, mtaa wa Mlandege, akala kiporo cha asubuhi, kisha akaenda kusimama kwenye dirisha la jiko. Shangazi yake, Juliana, alikuwa na hoteli ndogo ya chakula mjini Iringa, karibu na mahali yaliposimama malori ya kwenda Mbeya na Dodoma. Wateja walioketi ndani walihudumiwa na Didas, kijana aliyeajiriwa kubeba sahani na kufuta meza. Wale waliotaka kuchukua chakula na kwenda nacho walikuja dirishani na vyombo vyao wenyewe. Huyu alileta sufuria, yule bakuli, mwingine kopo la samli lililooshwa vizuri. Severina alipokea pesa, akazitia mkebeni, kisha akapakua.

Ilikuwa mwaka 1956, naye alikuwa darasa la nne. Wazazi wake walikuwa wakulima kijijini, nao walimleta mjini akae kwa shangazi ili asome. Kazi ya dirishani aliipenda, hasa miezi ya baridi, upepo unapovuma kutoka milimani na watu wanatembea wamejikunyata. Jikoni kulikuwa na moto, na kila aliyekuja alimsalimu kwa jina.

Siku moja karani mmoja wa boma alikuja kuchukua wali na nyama. Alipokwisha kupokea sufuria yake, aliacha senti tano yenye tundu pale dirishani, akaondoka. Severina alidhani ameisahau. Akatoka mbio kumfuata. Karani alicheka, akamwambia kwamba ile ni bakshishi yake, kwa kuwa amempakulia vizuri.

Severina hakuwahi kuwa na pesa iliyo yake mwenyewe. Aliifunga kwenye pembe ya kitambaa, na jioni akamwonyesha Didas. Didas hakushangaa. Yeye alizoea kupewa bakshishi na wateja wa ndani.

"Wanaokula ndani hunipa kwa sababu wananiona nikihangaika na sahani," alimwambia. "Hawa wanaochukua hudhani chakula kimejipakua chenyewe. Wafundishe. Anayetoa, mpe mnofu. Asiyetoa, mpe mfupa. Ataelewa tu."

Severina aliyatafakari maneno hayo usiku kucha, na kesho yake akaanza kuyafuata. Karani wa boma alipokuja, alizamisha upawa mpaka chini ya sufuria na kumtolea minofu mikubwa. Wengine waliona, nao wakaanza kuacha kitu. Wasioacha kitu walipata mchuzi wa juu na mifupa. Kitambaa chake kilianza kuwa kizito, na kila alipopita dukani alisimama kutazama sweta nyekundu iliyotundikwa mlangoni.

Kati ya watu waliokuja kila siku alikuwamo mzee mmoja mwembamba, jina lake Liberatus. Alitoka kijiji cha Kiponzelo, na alivaa koti kuukuu lililokatika mikono. Alikuwa na bakuli la bati la rangi ya buluu, ambalo alilifunga kwa kitambaa cheupe ili chakula kisipoe njiani. Alimsalimu Severina kwa Kihehe, "Kamwene," akatoa bei ya chakula, akapokea bakuli lake kwa mikono miwili na kusema, "Ahsante, mwanangu." Basi. Hakuacha hata senti moja.

Severina alianza kumpunguzia. Siku ya kwanza alimpa mfupa mmoja wenye nyama kidogo. Siku iliyofuata alimpa mfupa mtupu, na badala ya wali mweupe akamkwangulia ukoko. Mzee alitazama ndani ya bakuli kwa muda, akalifunga kwa kitambaa chake, akashukuru kama kawaida. Severina aliona kwamba mzee huyu ni mgumu wa kuelewa.

Ijumaa moja alimpakulia mchuzi bila nyama kabisa. Safari hii mzee hakuondoka mara moja.

"Mwanangu," aliuliza kwa sauti ya chini, "nyama imekwisha?"

Sufuria ilikuwa nyuma ya Severina, imefunikwa, na nyama ilikuwamo. "Imekwisha, baba," alijibu.

Mzee alikuwa bado anafunga kitambaa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, karani wa boma alipofika. Severina alifunua sufuria, akazamisha upawa, akamjazia minofu. Karani aliacha senti yake na kwenda zake. Severina alipoinua macho, mzee Liberatus alikuwa bado amesimama pale pale. Alikuwa ameona yote. Alilichukua bakuli lake, akaliweka ndani ya koti, akaondoka polepole kuelekea upande wa hospitali.

Jioni, Juliana alipofunua sufuria ili aioshe, alikuta nyama imebaki. Alishangaa, kwa maana alikuwa amenunua ya kuwatosha wateja wake tu. Alimuuliza Severina, naye akasema kwamba leo watu walikuwa wachache. Lakini Didas, aliyekuwa akifuta meza, alicheka na kusema kwamba leo Severina amemfundisha adabu yule mzee wa bakuli la buluu.

Juliana aliketi juu ya kigoda. Aliwataka wote wawili waeleze, nao wakaeleza. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza.

"Unajua kwa nini nyama yetu siku hizi inalainika hivi?" alimuuliza Severina. "Yule mzee alikuja mlango wa nyuma, akaniomba niichemshe sana. Mkewe amelazwa, hawezi kutafuna. Tangu siku hiyo ninaiinjika alfajiri kwa ajili ya yule mama. Na wewe umemnyima yule niliyempikia."

Severina alitamani ardhi ipasuke. Aliuliza kama anaweza kupeleka nyama ile hospitali usiku ule ule, lakini shangazi alimwambia kwamba saa za kuwaona wagonjwa zimekwisha. Wangekwenda kesho.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Juliana alipakua wali laini na nyama iliyopondwapondwa, wakaenda wote wawili. Mzee Liberatus walimkuta ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda cha mkewe. Alipomwona Severina, aliinamisha macho, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Mkewe aliitwa Rozalia. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya mabega ilionekana chini ya shuka, lakini macho yake yalikuwa maangavu. Aliwatazama wageni, kisha akamgeukia mumewe na kumuuliza kwa sauti nyembamba, "Huyu ndiye binti anayetupakulia?"

"Ndiye," alijibu mzee.

Rozalia aliutoa mkono wake chini ya shuka na kuushika wa Severina. Mkono ulikuwa mkavu na wa moto. "Mume wangu ananisimulia habari zako kila siku," alisema. "Ananiambia jinsi unavyonichagulia chakula. Mungu akuzidishie, mwanangu. Mimi sina mtoto wa kunipikia."

Severina alifungua kinywa ili aseme kweli. Alimtazama mzee Liberatus, naye mzee akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayesema: si hapa. Basi akabaki ameshikwa mkono, machozi yakimtiririka, na Rozalia akadhani kwamba binti huyu analia kwa kumhurumia.

Walipotoka nje, nesi alimweleza Juliana kwamba ugonjwa umekwenda mbali. Daktari amefanya aliloweza. Kilichobaki ni kumtunza na kumpa chakula anachokipenda.

Tangu siku hiyo, Severina mwenyewe ndiye aliyepeleka chakula. Alichagua nyama iliyolainika kuliko yote, akaiponda kwa mwiko, akakimbia njia nzima ili ifike ikiwa moto. Lakini Rozalia alikuwa akila kidogo, na kila siku kidogo zaidi. Siku nyingine alionja tu na kusema ni kitamu, kisha akafumba macho. Severina alirudi na bakuli karibu limejaa, akijiuliza yule mama angekula kiasi gani kama zile siku za ukoko angepelekewa nyama.

Alhamisi alipofika wodini, alikuta godoro limekunjwa. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Alitoka nje na kumkuta mzee Liberatus ameketi kwenye ngazi, karibu na mikaratusi, akiwa na furushi la nguo za mkewe. Alikuwa akingoja lori la jirani yake lije kuwachukua, yeye na maiti, wakazike Kiponzelo.

Severina alimpa pole, akaketi kando yake. Hakujua afanye nini na chakula alichokishika. Mwishowe alimwomba mzee ale, maana safari ilikuwa mbele. Mzee alikula matonge machache, kisha akamsogezea bakuli naye ale, kwa kuwa si vizuri mtu ale peke yake siku ya msiba. Wakala pamoja.

Alipomaliza, mzee alifungua pindo la shuka alilojifunga, akatoa senti kumi, akaiweka kiganjani mwa Severina.

"Aliniagiza jana," alisema. "Alisema nisiondoke mjini bila kumshukuru mtoto."

Severina aliondoa mkono kana kwamba senti ile ilikuwa kaa la moto. Ikaanguka kwenye ngazi. Hakuweza kuvumilia tena. Alimwambia kwamba siku ile nyama ilikuwepo, kwamba ukoko alimpa makusudi, na kwamba alifanya hivyo kwa sababu hakuacha bakshishi.

"Nilijua," alisema mzee. "Nilimwona karani akiacha senti, ndipo nikaelewa desturi ya hapa. Kwetu mtu akikupakulia chakula, unamshukuru kwa mdomo. Ningetaka kutoa. Lakini kila senti niliyokuja nayo ilikuwa na kazi yake."

"Mbona hukumwambia mama? Mbona ulimwambia kwamba namchagulia?"

Mzee alitazama barabara ambako lori lingetokea.

"Mgonjwa hawezi kumeza chakula kilichopakuliwa kwa chuki," alisema. "Nilikuwa nikitafuta vipande vyenye afadhali, nampa. Ukoko nakula mimi. Namwambia kuna mtoto mzuri pale dirishani anayemfikiria. Basi anakula. Sikutaka afe akijua kwamba watu wa mji huu walimnyima."

Aliiokota senti, akaiweka tena kiganjani mwa Severina, na safari hii akaufumba mkono wa msichana juu yake. Akamwambia kwamba ni ya Rozalia, na agizo la marehemu halirudishwi. Halafu lori lilifika. Wanaume wakasaidiana kupakia jeneza, na mzee akapanda nyuma, akaketi kando yake.

Severina aliporudi hotelini, alimsimulia shangazi yote. Didas alikuwapo, naye aliacha kufuta meza akasikiliza. Mara hii hakucheka. Severina aliuliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu wodini: kama ni yeye aliyemuua yule mama.

Juliana alimvuta karibu naye.

"Hapana," alisema. "Ugonjwa wake haukutoka kwenye upawa wako. Nesi alituambia, nawe ulisikia. Lakini chakula chake cha mwisho duniani kilitoka hapo, na siku alizokuwa bado anaweza kula, ulimpa ukoko. Hilo siwezi kukuondolea. Utakaa nalo, na likufundishe."

Kisha aliwageukia wote wawili.

"Kosa ni langu pia. Nilikuweka dirishani, nikakufundisha kupokea pesa na kupakua, nisikufundishe maana yake. Sasa sikieni. Mtu akileta chombo chake na kulipa bei, chakula kile ni chake, nyama na mchuzi. Hatuna haki ya kumuuzia mara ya pili. Bakshishi ni shukrani. Anayeweza kutoa, akitoa, ipokeeni kwa mikono miwili. Asiyetoa hana deni. Hujui anakipeleka wapi chakula kile, wala amebakiwa na nini mfukoni. Ukianza kuidai shukrani, si shukrani tena, ni wizi unaofanywa kwa adabu."

Didas aliinamisha kichwa. Alisema kwamba yeye ndiye aliyemshauri vibaya, akamwomba Severina radhi.

Jumapili, Severina alitoa senti ya Rozalia sadaka kanisani, akamwomba padri amkumbuke marehemu katika misa. Pesa zilizokuwa kwenye kitambaa alimpa shangazi, naye shangazi akazinunulia unga na maharage, wakampelekea mzee Liberatus Kiponzelo kwa mkono wa jirani yake mwenye lori. Baridi ya mwaka ule Severina aliipitisha bila sweta.

Jumatatu alipotoka shule, hakutaka kurudi dirishani. Alisimama nyuma ya mlango wa jiko akilia. Juliana alimwacha alie mpaka aliponyamaza, akampa maji anawe uso. Kisha mtu alibisha dirishani na sufuria yake. Juliana hakwenda. Aliuchukua upawa, akampa Severina.

Severina aliupokea. Alifunua sufuria, akauzamisha upawa mpaka chini penye nyama, kabla hajainua macho kumtazama aliyesimama nje.