Kadi Iliyojazwa Mapema

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Katibu alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kuigusa. Alimimina maji katika kikombe, akatoa kidonge kimoja cheupe kwenye kopo na kumsimamia bibi yake mpaka akimeze. Kisha alichukua kadi ya kliniki, akakaa ukingoni mwa kitanda na kusoma maswali manne: Umelala vizuri? Kichwa kinauma? Miguu imevimba? Pumzi inabana? Kila jibu aliliandika kwa wino, ndiyo au hapana.

Katibu halikuwa jina lake la kuzaliwa. Bibi alimpachika siku ile muuguzi alipoleta kadi, kwa kuwa macho ya Bibi yalikuwa yamechoka na herufi ndogo zilimpiga chenga. "Kuanzia leo nina katibu wangu," alisema. "Mkitaka kujua hali yangu, pitieni kwake." Jina likanata. Hata Mama, aliyetoka alfajiri kila siku kwenda kushona sare kiwandani na kurudi Bibi ameshalala, alimwita hivyo.

Dawa yenyewe ilikuwa mpya, ya presha. Muuguzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Nesi, aliwaeleza mambo yote bila kuwaficha kitu. Kliniki yao ilikuwa imeungana na hospitali mbili za nchi nyingine kuichunguza dawa hiyo, na wagonjwa wa nchi zote tatu walijaza kadi za namna moja. Kila wiki majibu yaliingizwa kwenye kompyuta, madaktari wa huku na wa kule wakayasoma. Bibi alikubali kwa hiari yake na kutia dole gumba. "Kwa hiyo presha yangu itafika ng'ambo kabla yangu," alisema, na Dada Nesi akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

Shida ni kwamba Bibi hakuwa mtu wa kulalamika. Kichwa kikimgonga, sijambo. Mgongo ukimkatika, sijambo kabisa, labda wewe. Mwanzoni Katibu alimbana: "Bibi, hii si salamu, ni swali la daktari." Hapo Bibi alijibu sawasawa. Lakini wiki zilivyopita majibu yakawa yale yale, ndiyo, hapana, hapana, hapana, na uvivu ukapata pa kuingilia. Shule ilikuwa ikijiandaa kwa mashindano ya netiboli, mazoezi yalianza saa kumi na mbili asubuhi, na Katibu ndiye aliyetegemewa kufunga. Basi Jumapili moja alasiri alikaa na kadi mpya, akaijaza yote kwa mkupuo mmoja, Jumatatu hadi Jumapili iliyofuata.

"Umeshajua nitaamkaje Alhamisi?" Bibi aliuliza.

"Si utasema sijambo?"

Bibi alicheka, Katibu naye akacheka, na kadi ikarudishwa juu ya kabati.

Jumanne, alipokuwa akimpa kidonge, Katibu aliona Bibi amevaa kandambili pana za Mama. Miguu ilikuwa imejaa, ngozi inang'aa, vifundo havionekani. Aliona, tena aliona vizuri. Akaikumbuka kadi. Lakini siku chache tu kabla yake, Dada Nesi alikuwa ameinyanyua kadi yake mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye foleni na kusema hajawahi kuona kadi safi namna ile. Katibu hakutaka kuanza kuichafua sasa.

"Bibi, miguu vipi?"

"Uzee tu huo. Wahi mpira wako."

Akawahi. Jumatano na Alhamisi akawahi pia, na kila siku alijiambia miguu itashuka.

Ijumaa Bibi alishindwa kupata pumzi. Walimkimbiza kliniki, kliniki ikampeleka hospitali kubwa, na Jumamosi saa nane mchana, Mama akiwa amemshika mkono, alifariki.

Sasa mfikirie mtoto huyu, amerudi nyumbani kutoka mazishini, anaiteremsha ile kadi na kukuta mwandiko wake mwenyewe. Jumapili, siku moja baada ya Bibi kufa. Umelala vizuri? Ndiyo.  Akaipachika kadi katikati ya kitabu cha sayansi na kukifunga.

Siku ya nne Dada Nesi alikuja. Alimpa Mama pole, wakalia pamoja, kisha akaulizia kadi.

"Nimeitafuta sijaiona," alisema Katibu. "Labda ilipotea nyumba ilipojaa watu."

Dada Nesi hakumgombeza. Aliinama tu, akionekana mtu aliyechoka.

"Dada, kwani bado ina kazi?" Mama aliuliza. "Mwenyewe ameshaondoka."

"Ina kazi, mama. Katika hospitali moja ya wale wenzetu kuna bibi mwingine, anaishi na mjukuu wake, naye amelazwa, miguu imeanza kuvimba. Daktari wake anatuuliza, je, huyu wa kwenu alivimba lini? Kama ni siku kadhaa kabla ya kubanwa pumzi, basi huenda dawa ndiyo yenye lawama. Kama ni saa ile ile moyo uliposhindwa, huenda ni ugonjwa wake tu. Na hawezi kumwachisha dawa kwa kubahatisha, maana nyingine zote zimemshinda. Kesho saa nne tuna mkutano kwa kompyuta. Nitawaambia hatujui."

Katibu alisikia kila neno. Duniani kote, mtu aliyejua miguu ile ilivimba lini alikuwa yeye peke yake.  Alitaka kusema, ila aliogopa jambo moja tu: kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyemuua Bibi.

Asubuhi ilipofika alivaa sare, akachukua kitabu cha sayansi, lakini hakwenda shule. Alisimama nje ya kliniki muda mrefu mno, kisha akapiga moyo konde na kubisha mlango wa daktari. Ndani alimkuta mama mmoja mnene mwenye miwani, Dada Nesi kando yake, na kwenye kompyuta sura mbili za watu wageni.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Karibu, una shida gani?"

Aliitoa kadi na kuiweka mezani. "Haikupotea. Nilidanganya. Na yaliyoandikwa humu si kweli, niliijaza yote kabla wiki haijaanza. Miguu ya Bibi ilivimba Jumanne asubuhi. Niliiona mwenyewe."

Daktari aliisoma kadi mpaka mstari wa mwisho. Alipofika pale alivua miwani. Hakupandisha sauti; aliuliza ni mguu mmoja au yote miwili, kama Bibi alihema alipotembea, na alikula vipi, na Katibu alijibu kila swali bila kupunguza wala kutia chumvi. Kisha Daktari akaigeukia kompyuta na kuzungumza na wenzake kwa lugha yao. Mzee mmoja wa upande wa pili aliandika upesi, akauliza kitu kimoja, akainuka na kuondoka.

"Ameenda wapi?" Katibu alinong'ona.

"Wodini," alisema Daktari. "Anamwachisha yule bibi dawa wakati tunachunguza zaidi. Na nimewaambia kosa letu pia. Tulimkabidhi mtoto kazi ya watu wazima, tukamsifu kwa usafi wa kadi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuja kutazama miguu ya mgonjwa. Kumbe na wao wamekuwa wakifanya hivyo hivyo. Tumekubaliana, kuanzia wiki ijayo wauguzi wa nchi zote tatu watapita majumbani."

Katibu alimgeukia Dada Nesi. "Ningesema Jumanne, Bibi angepona?"

Dada Nesi alimvuta karibu. "Sijui. Huenda tungemwahi, huenda moyo wake ungechoka vilevile. Sikwambii uongo ili nikutulize. Ila hukumuua wewe. Alikuwa mgonjwa, nasi tulikuwa na kazi ya kumwangalia."

Hapo Katibu alilia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kilio cha sauti. Walimwacha alie mpaka atosheke.

"Nisikilize, binti yangu," Daktari alisema baadaye. "Wale wenzetu hawajawahi kufika hapa, na sisi hatujafika kwao. Tunaaminiana kwa karatasi hizi tu. Ukiandika uongo hapa, mgonjwa wa kule anaumeza pamoja na kidonge chake. Ndiyo maana tunaandika tulichokiona, hata kiwe kibaya, hata kitutie aibu. Tukikosea tunasema tumekosea, kama ulivyofanya leo. Sasa tuirekebishe kadi. Hatufuti kitu. Piga mstari mmoja juu ya neno, libaki linasomeka, andika la kweli pembeni, kisha jina lako na tarehe."

Katibu alishika kalamu. Jumanne, miguu: ndiyo. Jumatano, ndiyo. Alhamisi, ndiyo. Ijumaa, pumzi: ndiyo. Jumamosi ilimchukua muda. Alipofika Jumapili alipiga mstari juu ya neno lile, na pembeni akaandika: Bibi alikuwa ameshafariki. Dada Nesi alimshikia kadi isiteleze mpaka alipomaliza kuandika jina lake.