Mtungi wa Gesi wa Dada Msomi

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Chiriku alikusanya vyombo, akavipeleka karoni na kuanza kuvisugua. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Dada yake mkubwa hakugusa sufuria. "Mwacheni asome," mama alikuwa akisema. Basi dada alisoma, akasoma, mpaka akahitimu chuo katika upimaji wa ardhi, na nyumba nzima ikaanza kumwita Msomi.

Tangu siku ya mahafali Chiriku hakuwa na raha. Wageni walikuja kumpongeza Msomi, kisha wakamgeukia Chiriku kumwomba maji ya kunywa. Sebuleni ilitundikwa picha kubwa: Msomi katikati na joho lake, baba na mama huku na huku, na pembeni kabisa kiwiko cha Chiriku. Kiwiko tu! "Hata mimi nilikuwepo," alimwambia mgeni mmoja huku akikionyesha. Mgeni akacheka. Chiriku hakucheka. Kijicho kilikuwa kimemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Haukupita muda Msomi akapata kazi upande wa pili wa mji, akapanga chumba. Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo mama akamtuma Chiriku akamsaidie kuhamia. "Yeye ana chumba chake na ufunguo wake," Chiriku alinung'unika njiani, ndoo mkono mmoja, ufagio mkono wa pili. "Na mimi nina ufagio."

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja fundi cherehani, aliyeshonea katika chumba cha jirani huku mjukuu wake mchanga amelala kando yake.

Jumapili asubuhi Msomi alifua blauzi nyeupe ya kuvaa siku yake ya kwanza kazini. Katika beseni hilohilo alitia pia kitambaa chekundu kipya. Chiriku aliona, akanyamaza. Blauzi ilipotoka na rangi ya waridi, alijisikia kama aliyelambishwa asali. "Kumbe joho halifui nguo," alisema moyoni.

Mchana uliletwa mtungi mpya wa gesi. Msomi, mafua yamemziba pua, aliinama kufunga kile kichwa chenye mpira wa kupeleka gesi kwenye jiko. Alikuwa hajawahi kukifunga maishani mwake, lakini hakuuliza. Alipokuwa akihangaika, kipete kidogo cha mpira kilidondoka kikabingirika chini ya meza.

Chiriku alikiona. Alijua kazi yake: ndicho kinachozuia gesi isivuje. Nyumbani, kila mtungi ulipobadilishwa, yeye na mama walipaka povu la sabuni kwenye kiungo na kutazama kama litatoa mapovu. Ulimi ulimwasha kusema. Halafu akafikiri, "Mwache ashindwe. Aniite, aniombe." Akabeba ndoo, akaenda bombani uani.

Ndoo haikujaa haraka, na kadiri maji yalivyopanda ndivyo moyo wake ulivyozidi kumdunda. Aliiacha nusu, akarudi mbio. Mlangoni harufu ya gesi ikampiga puani. Madirisha yalikuwa yamefungwa, na Msomi alikuwa amesimama mbele ya jiko, kiberiti mkononi, njiti imeshatolewa.

"Usiwashe!" Chiriku aliruka, akampokonya kiberiti.

"Wewe, una wazimu?"

"Gesi inavuja, dada!" Alifunga mtungi, akafungua madirisha yote. Msomi akanyoosha mkono kuwasha feni ili ipeperushe harufu. "Usiguse swichi! Cheche ndogo tu, tumekwisha! Mama Fundi, toka na mtoto! Toka!"

Wote wakakimbilia uani. Mtoto alilia, Fundi akamkumbatia. "Mwanangu," alimwambia Chiriku, "umetuokoa sote. Una akili wewe! Ningekuwa na binti kama wewe..."

Zilikuwa sifa ambazo Chiriku alizitamani siku zote, lakini zilimchoma.

"Msinisifu," alisema, machozi yakimtoka. "Nilikiona kipete kikianguka. Nilinyamaza makusudi. Hata kile kitambaa chekundu nilikiona."

Msomi alimkodolea macho. "Kwa nini, mdogo wangu?"

"Wivu. Kila mtu ni Msomi, Msomi. Nilitaka ushindwe."

Msomi alikaa kwenye kizingiti. Akasema kwa sauti ya chini, "Mlipokuwa mkicheka jikoni na mama, mimi nilikuwa chumbani na vitabu, nawasikia. Nilikuonea wivu wewe. Leo nilitaka kukuuliza mtungi unafungwaje, nikaona haya. Nilijua utanicheka."

"Kweli, ningekucheka," alisema Chiriku. Fundi, pamoja na hofu yote, aliangua kicheko.

Harufu ilipoisha kabisa, walikiokota kipete. Chiriku alieleza, Msomi akafunga kwa mikono yake mwenyewe, akapaka povu la sabuni. Hakuna povu hata moja lililofura.

Jioni mama alifika kuwajulia hali, wakamweleza kila kitu bila kuficha. Alisikiliza ameshika tama.

"Chiriku," alisema hatimaye, "wivu ungekaa moyoni mwako tu, ungekuumiza wewe peke yako. Ulipokufunga mdomo, nusura uwaue dada yako na mtoto asiye na kosa. Ukiona hatari, sema, hata kama humpendi unayemwambia. Na wewe Msomi, shahada haikuzuii kuuliza. Mtu mzima ni yule anayeweza kujipikia, kujifulia na kulala salama, na asiyejua hujifunza kwa anayejua, awe mkubwa au mdogo." Akawatazama wote wawili. "Lakini kosa la kwanza ni langu. Mmoja nilimnyima kazi, mwingine nikamnyima sifa. Nilidhani nawapenda nyote sawa."

Kisha akavua viatu, akakaa mkekani. "Haya, Msomi, leo unapika wewe. Na wewe Chiriku, kaa hapa karibu yangu, unisimulie ulivyomaliza muhula. Sijawahi kukuuliza."