Mistari ya Chaki Ukutani

Kila siku alfajiri Kifungo alisikia mlango wa nje ukifungwa polepole. Huyo alikuwa mama, anakwenda hospitali, ambako alikuwa dobi wa mashuka. Kisha alisikia kiti kikiburutwa sakafuni, na baada yake cherehani ya baba ikaanza kuunguruma. Kifungo akajigeuza na kujifunika shuka gubigubi. Alijua vizuri kwamba cherehani haikutakiwa kuwa kazi ya kwanza ya asubuhi, na alijua pia kwamba yeye ndiye aliyepewa jukumu la kuizuia.

Jina la Kifungo alipewa na baba yake. Alikuwa binti mfupi, mviringo, na tangu alipoweza kushika sindano, kazi yake baada ya shule ilikuwa kushona vifungo vya nguo za wateja. Baba alikuwa fundi hodari. Watu walisema mkasi wake unasikia anachokiwaza.

Masika yaliyopita, baba aliamka mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia umelala kama si wake. Kilikuwa kiharusi. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu ukapata nguvu, vidole vikaweza kushika kitambaa. Bega ndilo lililobaki zito. Mtaalamu wa viungo, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alimweleza hivi:

"Fundi, bega ni kama bawaba. Usipoifungua kila siku, inashika kutu. Kila asubuhi, kabla ya kazi, simama mbele ya ukuta upandishe vidole juu taratibu. Vinapofika mwisho, weka alama. Halafu tembea mpaka mwisho wa barabara na urudi. Usifanye leo ukaruka kesho. Ichukulie kama kunawa uso."

Akamgeukia Kifungo. "Wewe ndiye msimamizi. Mama yako asubuhi hayupo. Asipoamka, mwamshe. Akinuna, mwache anune, lakini ukutani aende."

Mwanzoni walikwenda vizuri. Baba alisimama ukutani, vidole vikatambaa juu kama buibui mzee, na Kifungo akachora mstari kwa chaki ya kupimia nguo. Mistari ilianzia usawa wa kifua, ikapanda hadi chini kidogo ya kidevu. Kisha walitembea pamoja barabarani kabla vumbi halijaamka. Wakati huo mkono haukuweza bado kukata nguo, kwa hiyo mchana alikuja fundi mwenzake, jina lake la utani Kipara, kumkatia vitambaa. Baba alishona tu.

Ndipo ukaja msimu wa sare za shule. Vitambaa vikajaa mezani, vikapanda hadi kitandani.

"Baba, ukutani," Kifungo alisema asubuhi moja, macho nusu yamefumba.

"Leo tu niache, mwanangu. Kazi zimenibana."

"Mtaalamu alisema kila siku."

Baba akacheka. "Mtaalamu hajawahi kushona. Mimi nakanyaga cherehani kutwa nzima. Hayo siyo mazoezi? Kama hii pedali ingekuwa na magurudumu, ningeshafika nchi ya tatu!"

Kifungo akacheka pia. Hoja hiyo ilimpendeza, maana ilimrudisha kitandani. Kesho yake baba akasema tena leo tu. Siku iliyofuata hakuna aliyesema lolote. Mazoezi yalikufa hivyo, bila ugomvi.

Tatizo lilikuwa mama. Kila jioni aliporudi, mikono imekunjamana kwa maji na sabuni, alikwenda kwanza kutazama ukuta.

"Mbona mstari haujapanda?" aliuliza siku moja. "Mkono umegoma?"

Uso wake ulisinyaa ghafla. Kifungo hakuweza kuuvumilia ule uso. Asubuhi iliyofuata, baba akiwa ameinama juu ya cherehani, Kifungo alichukua chaki akachora mstari mpya juu ya ule wa zamani. Baba alimwona. Aliacha kukanyaga pedali. Kifungo akasubiri akaripiwe.

"Kumbe mkono wangu umepandishwa cheo!" baba alisema, akakonyeza jicho. "Haya, tusimsumbue mama yako. Msimu ukiisha, tutaufikia huo mstari."

Tangu siku hiyo mistari ilipanda yenyewe. Ilipita kidevu, ikapita pua. Kifungo alipoishiwa kimo, alipanda kigoda. Mama alianza kuimba akiosha vyombo. Jioni moja alimwambia baba, "Hebu inua nione."

"Jioni bega limechoka," baba alijibu haraka. "Asubuhi ndiyo linapanda."

Mama alimwamini. Angeachaje kumwamini, na ukuta ulikuwa unamtolea ushahidi? Hata mwenyewe akachukua hatua aliyoona ni ya busara. Alimfuata Kipara, akamshukuru kwa wema wake, akamwambia apumzike.

"Tumekuchosha vya kutosha, shemeji. Mkono wa mume wangu sasa unafika juu ya paji la uso. Ataweza kukata mwenyewe."

Baba aliposikia, alimwacha aamini hivyo. Kusema kweli kungehitaji kusema yote. Usiku ule hakula vizuri.

Kesho yake Kifungo alirudi kutoka shule akakuta cherehani kimya. Kitambaa cha sare za darasa zima kilikuwa kimetandazwa mezani, na katikati yake palikuwa na mchano mrefu uliopinda, kama njia ya mlevi. Mkasi ulikuwa chini. Baba naye alikuwa amekaa chini, ameegemea mguu wa meza, jasho linamtoka, amelikumbatia bega lake la kulia.

"Haukufika," alisema. "Nilitaka kukata upande wa pili wa meza, mkono haukufika. Nikaulazimisha. Kitu kimelia humu ndani, mwanangu."

Hospitalini mtaalamu wa viungo alijaribu kuuinua ule mkono. Ulifika kifuani ukakwama. Baba akauma meno.

"Mlikuwa mnafanya mazoezi?"

Baba alitazama sakafu. "Nilikuwa nakanyaga cherehani."

"Kwa bega?"

Hakuna aliyecheka. Mama, aliyekuwa amekuja mbio kutoka chumba cha kufulia, maji bado yanamchuruzika viwikoni, akasema, "Lakini mistari ilipanda! Nimeiona kwa macho yangu!"

Kifungo akasogea karibu naye. "Mistari niliichora mimi, mama."

"Nami nilimwona," baba akaongeza. "Nikamwacha. Kosa kubwa ni langu."

Mama alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. "Mngenidanganya mimi peke yangu, ningewasamehe leo hii," alisema. "Huo mkono ndio mlioudanganya, na wenyewe haujui kusamehe."

Mtaalamu naye hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema bega limeganda. Kwa mazoezi ya kila siku lingefunguka, lakini kiasi tu. Wakati mzuri wa kulifungua ulikuwa zile asubuhi walizoziacha zikapita, na asubuhi iliyopita hairudishwi kwa kufanya mara mbili kesho.

Walipomrudia Kipara siku chache baadaye, alikuwa ameshapata kazi kwingine, na baadhi ya wateja walimfuata. Kitambaa kilichoharibika kililipwa kwa kuuza cherehani ya akiba. Baba, aliyekuwa akishona suti za maharusi, sasa alishona mapindo, akabadilisha zipu na kutia viraka.

Lakini ukutani walirudi. Sasa Kifungo ndiye aliyeamka wa kwanza. Zilikuwepo asubuhi za mvua, zilikuwepo asubuhi ambazo baba aliguna kwa maumivu na kumwita askari jela. Kifungo hakubishana naye. Alisimama tu mbele yake na chaki mkononi mpaka ainuke. Baada ya muda hakuhitaji kumwamsha tena. Siku ambayo hawakutembea, miili yao wenyewe iliwasuta. Mstari wa kweli ulipanda kidogokidogo, ukafika chini ya kidevu, pale ulipokuwa zamani. Ukakaa hapo. Mtaalamu aliupima, akasema hapo ndipo mwisho wake. Kuacha mazoezi, hata hivyo, kungeurudisha chini.

Asubuhi moja Kifungo alilowesha kitambaa, akapanda kigoda, akataka kuifuta mistari ya juu.

"Iache," baba alisema.

"Inanitia aibu, baba."

"Hata mimi inanitia aibu. Ndiyo maana nataka ibaki." Alinyoosha mkono mpaka vidole vikagusa mstari wa chini ya kidevu. "Huu ni wangu, nimeutolea jasho. Ile ya juu ni ya uvivu wetu wawili, na sitaifikia tena. Mwili hausomi tulichoandika ukutani, mwanangu. Unajua tu tulichoutendea jana, na juzi, na kila siku. Mimi nilisema leo tu, nikasema tena, mpaka leo tu ikawa tabia yangu. Wewe bado mdogo. Chagua mapema tabia itakayokulea, maana ukizembea, nyingine itajichagulia wewe."

Kifungo alishuka kwenye kigoda, akakitundika kitambaa kibichi.

Baba alivaa viatu vya kutembelea, akavaa shati, akahangaika na kifungo cha shingoni, kile ambacho mkono wake sasa ulikifikia kwa taabu. Kisha akainama kidogo. Binti yake akamfungia, nao wakatoka barabarani.