Mnara wa Bwana Fumo

Mnara. Leo. Mkamate. Usijulikane.

Agizo la serikali kutoka Kismayu lilikuwa hilo tu. Idarus alilala kifudifudi kilimani Koyama, darubini ya Zeiss machoni, bastola ya Webley kiunoni. Mbele yake ulisimama mnara mweupe. Wafanyakazi wa kiwanda cha kamba walimjengea tajiri wao, Bwana Fumo, alipofariki, ili jina lake lisipotee.

Mlangoni alikaa mwanamke mwenye ufunguo.

Barke. Dada yake.

Meli ya Idarus ilizama wakati wa vita, ikadhaniwa kafa, Barke akamsomea hitima. Serikali ikaona mtu aliyekwisha kufa ni jasusi mzuri, ikamwacha vivyo hivyo. Adui zake wakijua yu hai na ana dada, watajua pa kumuumiza. Basi miaka yote hiyo hakuwahi kuitwa ndani kula na mtu wake. Upweke ulimchosha kuliko risasi.

Wapagazi walipanda na masanduku.

"Chokaa ya mnara," walimwambia Barke.

Chokaa gani! Zilikuwa bunduki za magendo. Zikishaingia mle, atakayenyongwa ni mwenye ufunguo.

Nyuma yao alikuja mgeni wa kanzu safi.

"Mimi Abubakar, mwana wa Bwana Fumo kwa mke wa Unguja. Nifungulie, dada, tuweke mzigo. Kwanza nimzuru baba."

"Karibu, bwana."

Mgeni akavua viatu. Akainua mikono mbele ya ukuta, akasoma Fatiha kwa huzuni, machozi na yote.

"Lala salama hapa, baba."

Barke aliduwaa, lakini ufunguo ulikuwa umeshaingia kitasani.

Idarus, aliyekuwa ametambaa hadi nyuma ya mnara akisikia yote, akachomoka.

"Mikono juu! Mwana gani asiyejua kaburi la babake? Bwana Fumo kazikwa Kudha, ubavuni mwa mamake. Hapa pana mawe tu!"

Mgeni akachomoa bastola ya Mauser.

Alichelewa.

Webley ililia mara moja. Mauser ikaruka, mkono ukavuja damu. Wapagazi wakatupa mizigo wakatimua mbio. Sanduku likapasuka, bunduki zikamwagika majanini.

Idarus akamfunga mgeni, akapiga filimbi. Askari waliojificha ufukweni wakaanza kupanda.

Barke alikuwa akimtazama. Ndevu zile, kovu lile, hakuvijua.

"Wewe mchu wa wapi?" akamwuliza kwa lahaja ya kwao.

"Wa Kismayu, bibi."

"Wa Kismayu wote huja wakasoma Fatiha papa hapa, kama huyu. Kaburi la Kudha twalijua sisi wa Koyama tu."

Idarus alitamani aitwe jina lake, mara moja tu.

Sauti za askari zilikaribia.

Barke alijifuta macho kwa ncha ya leso yake. Alinyoosha mkono kama anayetaka kumgusa ndevu, akaurudisha.

"Shuka, bwana. Wakiniuliza, nitasema simjui."

"Ahsante, bibi."

Idarus akairudisha Webley kiunoni, akaiweka sawa kofia yake, akateremka upande wa pili wa kilima, bila haraka.