Mkaa Ulioongezeka Uzito

Asubuhi hiyo, kabla kengele ya mstarini haijalia, Beatha alipitia maabara kupima mkaa. Alikuwa kidato cha kwanza huko Chome, milimani kwenye ukungu mwingi. Yeye na mwenzake Agape walitaka kuonyesha kwamba mkaa wa magunzi ya mahindi unaweza kuhifadhi haidrojeni, gesi inayowaka na kutoa nishati. Wakifaulu, Ijumaa wangeshuka mjini Same kwenye maonyesho ya sayansi.

Kazi ilikuwa imewachosha. Mara ya kwanza magunzi yaliteketea yakawa majivu. Mara ya pili mvua ilizima moto. Safari hii mkaa ulitoka mzuri, wakaupima, wakauweka kwenye chupa mbili. Chupa zilikaa wazi siku mbili zikisubiri gesi. Jana, mwalimu Zephania alitengeneza haidrojeni akaijaza kwenye puto, wakaliunganisha na chupa moja.

Leo mkaa wa chupa hiyo ulikuwa umeongezeka gramu mbili.

"Imeingia," alisema Agape. "Andika, twende."

Beatha akaandika. Kisha akapima mkaa wa chupa ya pili, ambao haukuguswa na gesi. Nao ulikuwa umeongezeka gramu mbili. Akarudia. Gramu mbili zilezile.

"Sasa huu nao umekula nini?" alisema, akiusukuma mzani kando.

"Huo usiuandike. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Beatha, nimechoka kuunguza magunzi. Mama ananiuliza kama nasomea uchomaji mkaa."

Beatha naye alikuwa amechoka, tena sana. Hata hivyo aliandika kipimo cha pili, na mwalimu alipoingia, akampa daftari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Alisoma, akakunja uso. "Haidrojeni yote ya puto lenu haifiki hata nusu gramu. Hizi mbili zimetoka wapi?"

Mwalimu akaukausha mkaa wa chupa ya pili kwenye sufuria juu ya jiko, akaupoza kwenye chupa iliyofungwa, akaupima. Gramu mbili zilikuwa zimetoweka.

"Ni unyevu wa ukungu wetu huu," alisema. "Mkaa una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Unyevu hunata humo upesi. Haidrojeni hunata kidogo mno, mpaka uipoze sana na kuibana kwa nguvu. Hapa hatuna mitambo hiyo."

"Basi hatuendi Same," alisema Agape.

"Mnaenda, na chupa zote mbili."

Ijumaa, Agape ndiye aliyewaeleza waamuzi jinsi ukungu ulivyotaka kuwadanganya. Walipewa nafasi ya tatu.

"Mngeficha chupa ile, swali moja tu la mwamuzi lingewaumbua," mwalimu aliwaambia. "Kipimo kinachokuudhi usikifiche, kiulize kimetoka wapi. Na mkaa hupimwa tena kabla ya kuunganisha gesi. Nimelisema hilo darasani mara ngapi?"

"Mara nyingi, mwalimu," alisema Beatha, na tofauti na siku ile ya mzani, safari hii hakuudhika.