Mkono Uliowalisha Mbu

“Umewaua.”

Fundi makochi aliinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, misumari midogo imebanwa midomoni. Aliitemea kiganjani kwanza, ndipo akaweza kusema.

“Nimemuua nani, Mwalimu?”

“Usiniite Mwalimu.”

Mwanamke akamwekea kisahani cha kioo juu ya kitambaa kipya cha kochi. Ndani walikuwa mbu, wamelala chali, miguu imekunjamana, matumbo bado mekundu.

“Majike wote,” alisema. “Hakuna aliyetaga. Hata mmoja!”

“Mbona niliwaacha wazima? Walikunywa wakashiba, wakaning’inia kwenye neti kama wageni waliokula harusini.”

“Ufunguo ulikuwa nao wewe. Hakuna mwingine aliyeingia chumba cha mbu. Na lile kopo ni la nini?”

Alinyoosha kidole kwenye rafu. Fundi akageuka kutazama, ingawa alijua kilichokuwa pale.

“Dawa ya kunguni. Ya makochi ya zamani. Unaijua siku zote.”

“Uliniambia nini kwenye ngazi za shule? Sema, mteja wako naye asikie.”

Mteja, aliyekuwa amekaa kwenye stuli akisubiri, akainamia simu yake ghafla kana kwamba amepigiwa.

“Nilikuwa natania,” fundi alisema kwa sauti ndogo.

“Ulisema, ‘Hao mbu wako wakifa, si utabaki?’ Haya, wamekufa. Furahi basi.”

Akatoka. Kisahani alikiacha palepale.

Mwanamke yule alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, na wenzake pale kwenye maabara walimwita Mama Mbu. Alifuga mbu ambao dawa ya vyandarua haikuwaua, akitafuta kujua kinachowalinda. Mama yake alikuwa ameacha kuwaeleza majirani kazi ya binti yake, maana kila alipoeleza walicheka. “Shule yote ile,” walisema, “na bado anafuga mbu?” Jioni, ili apate nauli na sabuni, alifundisha sayansi darasa la watu wazima. Huko ndiko alikomkuta fundi.

Fundi alikaa mstari wa mbele, mabega yake makubwa yakiwazibia wa nyuma ubao. Kabla hajafungua daftari alifumba macho kidogo, midomo ikicheza. Siku moja mwalimu alishindwa kuvumilia.

“Unaombea nini hapo? Majibu?”

“Hapana, Mwalimu. Naomba nisione haya kuuliza.”

Darasa zima lilicheka, na yeye mwenyewe akacheka. Labda ni siku hiyo mambo yalipoanza, labda ni baadaye, alipompelekea fundi kiti chake kibovu, naye akakirudisha kimejazwa sponji mpya na kusema ni zoezi la nyumbani.

Kisha ufadhili wa utafiti ukakatwa. Waliokuwa wakilipia kazi ile walibadilisha mipango yao huko mbali, na barua yao ilikuwa fupi kuliko risiti ya dukani. Wafanyakazi wa chumba cha mbu wakaaga mmoja mmoja. Damu ya kuwalishia haikununuliwa tena. Vizimba vya neti vikafungwa, kikabaki kimoja, na katika hicho Mama Mbu aliingiza mkono wake mwenyewe, akawaacha wanywe huku akisahihisha madaftari ya darasa la jioni kwa mkono mwingine.

Profesa wake alimpigia simu akiwa na habari.

“Binti yangu, kuna maabara ng’ambo itakupokea. Utamalizia huko.”

“Kweli, Profesa?”

“Kweli, lakini wanataka ukoo wa mbu wako. Bila mayai hawana sababu ya kukuchukua wewe wakaacha wengine. Na chumba tunakirudisha mwisho wa mwezi. Watage sasa, au basi.”

Alimweleza fundi kwenye ngazi za shule. Fundi alimpongeza, akamshika mkono, kisha akatania ule utani wake. Wote wawili walicheka. Mmoja hakucheka sana.

Siku ya kuwalisha mara ya mwisho, homa ilimwangusha. Alipimwa, akapewa dawa, na mtu anayetumia dawa haruhusiwi kuwalisha mbu. Akiwa amejifunika mablanketi, meno yanagongana, aliandika ujumbe:

“Fundi, nisaidie mkono wako leo.”

“Hata yote miwili. Nifanye nini?”

“Ukaniwekee kwenye kizimba mpaka washibe. Wamezaliwa humohumo, hawana ugonjwa wowote. Ni wasafi kuliko wewe.”

“Hilo nalikubali.”

“Unaumwa popote? Homa, kikohozi?”

“Siumwi. Mzima kama chuma.”

“Oga bila sabuni ya manukato. Ufunguo uko kwa mlinzi.”

“Sawa. Pona, Mwalimu. Nitawasalimia.”

Jioni fundi alimtumia picha ya mkono uliovimba vipele, na maneno: “Wamenimaliza. Sasa nenda ukapande ndege yako.”

Na sasa wamekufa. Alimpigia Profesa simu, akamweleza yote kwa pumzi moja.

“Profesa?”

“Nipo, binti yangu.”

“Siwezi kuwaandikia kwamba tutakamata wengine?”

“Na nani? Kwa gari gani? Kuufikisha ukoo pale ulipokuwa kulituchukua miaka.” Akakohoa. “Nitawaandikia mimi. Wewe pumzika.”

Akajilaza kitandani na nguo za kazi. Hasira yake ilikuwa na shimo moja, na alilizunguka mchana kutwa asitake kuchungulia. Mbu hawa aliwafuga kwa sababu hawafi kwa dawa kama ile ya kopo. Alikwisha kuwapulizia yeye mwenyewe, wakatingishika tu na kuruka. Sasa fundi angewaua kwa kitu gani?

Mlango ukagongwa. Alikuwa dada mkubwa wa fundi, ambaye fundi aliishi kwake, amembeba mwanawe wa mwisho mgongoni. Hakungoja kukaribishwa. Akaketi, akamshusha mtoto.

“Wifi, mimi sijaja kugombana.”

“Karibu, dada.”

“Ndugu yangu hali chakula. Akishona kochi la mtu anashonea na kidole chake. Nimemuuliza, anasema amekuharibia maisha na hajui kwa vipi. Hebu niambie mimi, ninayejua kusikiliza. Amefanya nini?”

“Sijui, dada. Nilidhani najua.”

“Unadhani alitaka usiende?”

Mama Mbu akamsogezea mtoto mto wa kuegemea.

“Nikwambie kitu. Kila jioni tunasali pale nyumbani. Yeye huomba kwa sauti, hajui kuficha. Anasema, ‘Mungu, mfungulie njia afike salama.’ Kila jioni hivyo hivyo. Mimi ndiye nilikuwa naomba kimoyomoyo ubaki. Nilishachagua na kitambaa cha harusi, Mungu anisamehe.”

Mtoto alianza kuvuta shuka la kitanda. Mama yake akamshika mkono, akaugeuza, akauonyesha kwa fahari kidogo, kama mtu anayetafuta habari njema ya kusema.

“Angalau huyu upele umemwacha. Umeona? Ulimla huyu! Muuguzi alitupa vidonge nyumba nzima, wagonjwa na wazima, akasema tusipomeza wote utarudi.”

Mama Mbu akaketi wima.

“Nyumba nzima?”

“Nyumba nzima.”

“Na fundi?”

“Yeye ndiye alinisumbua. ‘Mimi sijikuni, nimeze cha nini?’ Nikamwambia meza, usinirudishie wadudu humu. Akameza mbele yangu.”

“Lini, dada?”

“Si usiku wa kuamkia siku ile uliyougua? Ndiyo. Asubuhi yake ujumbe wako ukaja.”

Mama Mbu alichukua simu, akaurudia ujumbe wake mwenyewe. Unaumwa popote? Kila mfanyakazi aliyewahi kuingia chumba kile yeye alimwuliza swali jingine kabisa: umemeza dawa yoyote? Aliwauliza hadi wakamwigiza kwa sauti ya puani walipodhani hasikii. Mtu mmoja tu hakumwuliza, siku kichwa chake mwenyewe kilipokuwa kinawaka moto kwa homa. Na mtu huyo alijibu kweli tupu. Hakuwa mgonjwa.

“Dawa ile,” alisema polepole, “ukimeza inakaa kwenye damu. Mbu akiinywa hiyo damu, anakufa.”

Dada mtu akaweka mkono mdomoni.

“Kwa hiyo ni mimi niliyemmezesha.”

“Hapana, dada. Ni mimi sikuuliza.”

“Basi Mungu amenisikia mimi,” dada mtu alisema, na machozi yakamshuka. “Sikutaka anisikie hivi.”

Mwisho wa mwezi, siku ya kurudisha ufunguo, fundi alikuta mlango wa chumba cha mbu uko wazi. Joto lilimpokea, joto lile la unyevu, na mngurumo wa kipasha joto kwenye kona. Mama Mbu alikuwa anakunja neti za vizimba. Kwenye bakuli la maji ilielea karatasi nyeupe waliyowekewa mbu watagie. Mayai ya mbu ni meusi, madogo kama vumbi la mkaa. Karatasi ilikuwa nyeupe.

“Umeniita, Mwa… umeniita.”

“Niite Mwalimu. Nilikuwa na hasira.”

“Dada ameniambia.” Alisimama mlangoni, hakujua mikono aiweke wapi. “Kwa hiyo ni mimi kweli.”

“Ni kidonge. Na ni mimi niliyekuuliza vibaya, halafu nikaja kukutukana mbele ya mteja.”

“Mteja aliniongezea hela. Akasema, fundi, una matatizo makubwa.”

Akataka kucheka, ikashindikana. Akaja karibu na bakuli, akaiangalia karatasi kwa muda.

“Mwalimu, mimi nilitaka ubaki. Siwezi kusema uongo humu. Lakini nilipoingiza mkono pale, walivyokuwa wananiuma, nilikuwa nawaambia kunyweni, mzae, mkampeleke.”

Hapo ndipo alipolia, jitu zima, akiwalilia mbu. Mama Mbu akaushika mkono wake. Vipele vilikwisha kupotea, ngozi ilikuwa laini kama haijawahi kuguswa.

“Nisamehe, Fundi.”

“Na wewe unisamehe.”

“Nimebaki sasa. Ulikuwa na la kuniuliza siku nyingi, dada amenionyesha hadi kitambaa. Niulize.”

Fundi alitikisa kichwa.

“Leo hapana.”

“Kwa nini?”

“Una msiba. Mtu haposwi msibani. Sitaki kukuoa kwa sababu umekosa pa kwenda. Tafuta tena. Ukipata, nitakubebea sanduku mpaka mwisho wanaporuhusu wasindikizaji. Ukikosa, nipo mstari wa mbele, nawaziba wa nyuma.”

“Na ikichukua miaka?”

“Mimi nimeanza shule na mvi. Miaka hainitishi.”

Mama Mbu aliegemeza paji la uso kwenye mkono ule. Akakaa hivyo.

“Basi omba,” alisema. “Ile unayoomba nyumbani.”

“Ile ile? Ya njia?”

“Ile ile. Hata kama sijui njia iko wapi.”

Fundi akafumba macho. Aliomba kwa maneno machache. Mama Mbu akaitika amina, akaitoa karatasi nyeupe majini, akaikunja ikiwa bado inachuruzika. Kisha akanyoosha mkono, akazima kipasha joto. Mngurumo ukakoma, na wakasimama pale wameshikana, chumba kikianza kupoa.